Udongo wa Watoto Uingie Katika Mkataba



Huenda baadhi yenu mtashangaa kukuta katika kurasa hizi, ambazo kwa kawaida hushughulika na mishahara, saa za ziada na wenzetu waliofukuzwa kazi bila haki, makala juu ya watoto wadogo wanaofinyanga udongo. Mratibu mwenzangu mmoja aliposikia kwamba naandika jambo hili aliniuliza kama nimeacha kazi ya chama nikawa yaya. Nilimjibu kwamba kazi ya yaya nayo ni kazi, na yaya naye anastahili kadi ya uanachama. Hata hivyo swali lake lilikuwa swali zuri, na nitalijibu kwa urefu.

Sote tunajua jinsi madai ya chumba cha watoto yalivyoanza katika mashamba yetu ya chai hapa Uganda. Mama anayechuma chai hulipwa kwa kilo. Akimbeba mtoto mgongoni, kilo hupungua. Akimwacha kambini, anayemtunza ni dada wa miaka minane au tisa, na huyo dada hukosa shule. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mama siku 60 za kazi za likizo ya uzazi, na baba siku 4. Siku hizo zikiisha mtoto bado hajaweza hata kukaa, na mnyapara anataka jina la mama lirudi kwenye orodha. Kwa hiyo chama kilidai chumba, na mahali pengine tumekipata. Tulipambana juu ya paa, juu ya choo, juu ya maji safi na uji wa saa nne. Hayo yote yalikuwa ya lazima.

Lakini mtoto wa miaka mitatu huletwa katika chumba hicho kabla jua halijapanda, na huchukuliwa mama akishapima majani yake mchana. Ni saa nyingi hizo. Katika saa hizo anafanya nini? Katika mikataba niliyowahi kuishika mikononi mwangu, jibu lilikuwa neno moja tu, “malezi”. Waajiri wameachiwa waamue maana yake, nao wakiachiwa waamue jambo lolote huamua lililo rahisi.

Nitaeleza niliyoyaona katika shamba moja ambalo sitalitaja. Chumba kilikuwa cha matofali, kimepakwa chokaa, kina mkeka na meza ndefu. Watoto walikuwa zaidi ya 40, na mlezi mmoja. Kila mtoto alipewa karatasi yenye picha ya bata iliyochapwa kwa mashine, na kalamu ya rangi ya njano. Mlezi alisema, “Bata ni wa njano. Msitoke nje ya mstari.” Watoto wakapaka. Mmoja, mvulana wa kama miaka minne, alikuwa ameokota kipande cha kaa jikoni akaanza kumtia bata wake weusi kuanzia miguuni. Akanyang’anywa kaa, akapewa karatasi nyingine. Kabla ya saa sita mabata wa njano walikuwa wamebandikwa ukutani kwa safu, na wageni wa kampuni walipopita walipiga picha wakasema watoto wanaendelea vizuri.

Simlaumu mlezi yule hata kidogo. Nilizungumza naye baadaye. Alikuwa kibarua wa mwezi kwa mwezi, hajawahi kupata mafunzo ya siku hata moja, na ameambiwa kwamba wageni wakija wakute “kazi za watoto” ukutani. Mtu mmoja mwenye watoto zaidi ya 40 hawezi kufanya jingine ila kuwakalisha na kuwanyamazisha, na karatasi ya bata hunyamazisha vizuri. Nawaomba wasomaji waliweke jambo hili moyoni, maana kila nitakalosema baadaye linatoka hapa: aina ya sanaa wanayofanya watoto katika chumba kile ilipangwa na hesabu ya mshahara kabla mlezi hajafungua mlango.

Jioni ya siku ileile niliwaona watoto wa kambi hiyo kijitoni, mahali ambapo akina mama huteka maji. Hapakuwa na mtu mzima aliyewasimamia. Wawili walikuwa wakisokota mpira wa maganda makavu ya mgomba. Mmoja mkubwa kidogo alikuwa na gari la waya. Msichana mmoja alikuwa akifinyanga ng’ombe, ng’ombe wa kwetu huku magharibi mwenye pembe ndefu. Pembe moja ilivunjika. Aliitazama kwa muda, akavunja na ya pili, akasema ni ndama. Kisha ndama akapata shimo mgongoni, shimo likapanuliwa kwa kidole gumba, ikawa chungu. Akakijaza maji ili aone kama kitavuja. Kilivuja. Akakandamiza vyote kwa kiganja, akanawa, akaenda nyumbani mikono mitupu.

Meneja angesema mtoto huyu hakufanya kitu, maana hakuna cha kubandika ukutani. Lakini hebu tuhesabu. Aliamua mwenyewe aanze na nini. Alipata hasara akaigeuza. Alijifunza kwa maji kwamba udongo mbichi hauwezi kazi ya chungu kilichochomwa. Aliacha alipotaka kuacha. Mtoto wa karatasi ya bata hakuamua lolote, hata rangi. Uamuzi wake mmoja tu, ule wa kaa, ulichukuliwa ukatupwa.

Wako watu waliosoma sana ambao wameyachunguza mambo haya, na yafaa tuwajue, kwa sababu mbele ya mwajiri neno la mfanyakazi wa darasa la saba kama mimi huitwa maoni. Viktor Lowenfeld alikuwa mwalimu wa Austria, Myahudi, aliyekimbia nchi yake mwaka 1938 kwa sababu ya Wanazi. Huko Marekani alifundisha sanaa katika chuo cha Hampton, Virginia, chuo cha watu Weusi, wakati wa ubaguzi wa sheria. Mwaka 1947 alitoa kitabu chake juu ya ukuaji wa mtoto katika kuchora, na humo alipinga waziwazi vitabu vya picha zilizochapwa za kupaka rangi. Alionyesha kwamba mtoto aliyekuwa akichora ndege kwa namna yake mwenyewe, akishazoeshwa kujaza ndege aliyechorwa na mtu mwingine, huanza kuuona wake haufai, na hatimaye husema hajui kuchora.

Na hapa kwetu Uganda, Margaret Trowell, mke wa daktari wa serikali ya kikoloni, alianzisha mafunzo ya sanaa Makerere mwaka 1937. Alikuwa mtu wa wakati wake na sitamtukuza kupita kiasi. Lakini desturi yake moja ilikuwa nzuri: hakuwawekea wanafunzi picha ya kunakili. Aliwaeleza kisa au tukio kwa mdomo, sokoni, arusini, mvua ya ghafula, kisha kila mmoja akachora alichokiona kichwani mwake. Sam Ntiro wa Kilimanjaro na Gregory Maloba wa Kenya walipita katika shule hiyo. Nataja hili ili mtu asije akasema mambo ya kumwachia mwanafunzi njia yake ni mageni Afrika Mashariki.

Hata hivyo mfano ambao chama kinapaswa kuusoma kwa makini zaidi unatoka kwa wafanyakazi wa Italia, katika mji wa Reggio Emilia. Nilisikia habari zake kwanza katika semina ya chama, na tangu hapo nimekuwa nikiufuatilia. Kabla sijaueleza nataka wasomaji wajue kwamba watu wa mji huo si wageni kabisa kwa majirani zetu wa kusini. Mwaka 1970, wakati Msumbiji ilipokuwa bado vitani na Wareno, hospitali ya Santa Maria Nuova ya Reggio Emilia ilifunga mkataba wa undugu na hospitali ya Frelimo ya Cabo Delgado, na tangu wakati huo vifaa na dawa vilipelekwa kuwasaidia wapiganaji na raia. Mwaka 2012 mji huo na Pemba ikawa miji dada. Kwa hiyo tunazungumza juu ya watu waliokwisha kuonyesha wako upande gani.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha katika majira ya kuchipua ya mwaka 1945, nchi hiyo ilikuwa imetoka katika zaidi ya miaka 20 ya ufashisti. Katika kijiji cha Villa Cella, karibu na mji, Wajerumani waliokuwa wakikimbia waliacha kifaru cha vita, malori matatu na farasi sita. Wanakijiji, yaani vibarua wa mashamba, wafanyakazi wa viwandani na wake zao, waliviuza. Inasimuliwa kwamba palikuwa na ubishi juu ya fedha hizo: wanaume walitaka ukumbi wa maonyesho, wanawake wakataka shule ya watoto wadogo. Wanawake walishinda. Matofali yalitolewa katika nyumba zilizobomolewa na mabomu, mchanga ulichotwa mtoni, na ujenzi ulifanywa usiku na siku za Jumapili baada ya kazi. Mwalimu mmoja kijana aliyeitwa Loris Malaguzzi alipopata habari alipanda baiskeli kwenda kuona kama ni kweli. Akabaki katika kazi hiyo mpaka alipofariki mwaka 1994.

Akina mama wa Umoja wa Wanawake wa Italia waliendesha shule nyingine za namna hiyo kwa miaka mingi bila msaada wa kutosha, mpaka mwaka 1963 halmashauri ya mji ilipofungua shule yake ya kwanza ya watoto wadogo. Mwaka 1971, baada ya mapambano ya wanawake na vyama vya wafanyakazi, bunge la Italia lilipitisha Sheria namba 1044 juu ya vituo vya kulelea watoto wachanga, na mwaka huohuo mji wa Reggio ulifungua kituo chake cha kwanza cha wachanga. Kituo hicho kilipewa jina la Genoeffa Cervi, mama wa ndugu saba ambao wote saba walipigwa risasi na mafashisti Desemba 1943.

Sasa, watoto wanafanya nini ndani ya shule hizo? Kila shule ina karakana. Nasema karakana kwa makusudi, maana ndilo neno linalofaa: chumba chenye meza za kazi, udongo, waya, karatasi, rangi, vipande vya mbao, na mtu mzima mmoja aliyesomea sanaa ambaye ni mwajiriwa wa shule. Darasa moja lina walimu wawili, si mmoja. Mtoto hapewi picha ya kujaza. Anaweza kuanza kufinyanga farasi Jumatatu, akakwama kwa sababu miguu haishiki mwili, akaacha, akarudi Jumatano na vijiti. Walimu hutazama, huandika anayosema, hupiga picha, kisha hukaa pamoja kuzungumza juu ya waliyoyaona, na muda huo wa kukaa pamoja unahesabiwa katika saa zao za kazi zinazolipwa. Mambo hayo, karakana na walimu wawili, yaliandikwa katika kanuni za mji mwaka 1972. Mwaka 1991 jarida la Newsweek la Marekani liliitaja shule mojawapo ya huko, ile iitwayo Diana, miongoni mwa shule bora kumi duniani, na tangu hapo matajiri wa nchi nyingi wamejenga shule za kulipia zinazojiita kwa jina la Reggio. Hilo hunichekesha kidogo. Kilichonunuliwa kwa bei ya kifaru na wakulima sasa huuzwa kwa ada ambayo mchumaji hawezi kuilipa kwa mshahara wa mwaka mzima.

Funzo ninalolitoa hapa ni la kichama. Watu wale hawakungoja mwajiri apende sanaa. Waliandika: chumba fulani, watu wangapi, saa ngapi. Upole wa mwalimu kwa mtoto ulijengwa juu ya mambo yanayoweza kuhesabiwa.

Nimekwisha kulieleza jambo hili katika mikutano ya matawi kadhaa, na sitaficha kwamba upinzani mkubwa haukutoka kwa mameneja. Ulitoka kwa wanachama, hasa akina mama. Dada mmoja alisimama akasema, “Mratibu, mimi nimeshika udongo maisha yangu yote. Mwanangu sitaki ashike udongo. Nataka ashike kalamu.” Watu walimpigia makofi, na makofi yale yalikuwa na haki. Shule nyingi za msingi humhoji mtoto kabla ya kumpokea darasa la kwanza, huku Wizara ikikataza, na mtoto wa kambini akishindwa kutaja herufi huambiwa arudi mwakani. Mzazi anayeogopa hilo haogopi kivuli.

Jibu langu kwake lilikuwa hivi. Kidole kinachofinyanga pembe ya ng’ombe ndicho kitakachoshika kalamu, na kalamu isipotangulia kuchora ovyo haiandiki. Watoto wa nchi zote hupita njia moja: kwanza michirizi ya ovyo, wakiwa na kama mwaka mmoja na nusu au miwili, halafu, kwenye miaka mitatu, duara linalofungwa, halafu mtu mwenye kichwa na miguu bila kiwiliwili, halafu, kwenye miaka mitano au sita, mstari wa ardhi na nyumba juu yake. Duara lile ndilo litakalokuwa herufi. Ukimnyima mtoto michirizi ukamtaka herufi moja kwa moja, ataiiga, lakini ataiiga kama alivyoiga bata. Na mtoto anapoulizwa aeleze alichotengeneza hupata maneno mengi kuliko yule anayeambiwa “rudieni baada yangu”.

Dada yule alikubali nusu. Nami nisingependa kuiuza hoja yangu kwa njia hiyo peke yake, kama kwamba udongo una thamani kwa sababu tu huleta herufi. Sisi hatukudai saa za mapumziko kwa sababu mapumziko huongeza kilo, ingawa waajiri wengine husikia lugha hiyo tu. Tulizidai kwa sababu mtu anahitaji sehemu ya siku iliyo yake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Uganda iliuridhia mwaka 1990, unasema katika kifungu cha 31 kwamba mtoto ana haki ya kupumzika, kucheza, na kushiriki katika sanaa. Wako wanaokiona kifungu hicho kama pambo. Mimi nakiona ni kifungu cha saa za kazi za mtoto, na wanaojua kutetea saa za kazi ni sisi.

Wako pia wanaosema: mashamba yanaleta mashine za kuchuma chai, watu wanapunguzwa, na huko Kericho mwaka 2023 watu walifika hadi ya kuchoma mashine hizo kwa moto, nanyi mnazungumza juu ya udongo! Naam, tunazungumza. Mashine inachukua kwanza kazi ile ambayo mkono unarudia jambo moja kwa amri. Sisemi kwamba kufinyanga ng’ombe kutampa mtu kazi, nisiwe mwongo. Nasema kwamba kuwalea watoto wetu kwa kujaza mistari ya wengine wakati huuhuu ni kuwaandaa kwa kazi ambayo inaondoka.

Sasa nije kwenye hatari, maana jambo jema likiingia mikononi mwa mwajiri lina namna yake ya kupinduka. Tukisema watoto hawahitaji karatasi zilizochapwa, meneja atafurahi. Ataondoa karatasi na asilete kitu. Tukisema mtoto aachiwe huru, atasema basi mlezi mmoja anatosha hata kwa watoto 60. Kumwachia mtoto njia yake kunataka macho mengi zaidi kuliko kumkalisha. Mlezi lazima aone nani amekwama na anahitaji kipande cha kamba, nani anakaribia kulia, nani ametia kizibo mdomoni. Lazima ajue kunyamaza, na kunyamaza huko ni ujuzi. Tumezoea kumwuliza mtoto, “Hiki ni nini?” naye, kwa kuwa hajaamua bado, hubuni jina ili aturidhishe, na kazi yake inaishia hapo. Afadhali kumwambia, “Nieleze,” au kukaa kando yake tu. Wala mlezi asimchoree. Mtoto akisema “nichoree ng’ombe”, mlezi anaweza kumwuliza ng’ombe ana miguu mingapi na pembe zinaelekea wapi, wakatoka nje pamoja kumtazama.

Hatari ya pili ni kubwa zaidi na nataka kila mjumbe wa afya na usalama aisome mara mbili. Watu hupenda kusema kwamba sanaa ya watoto hufanywa kwa vitu vilivyotupwa. Huko Reggio, tangu mwaka 1996, kuna bohari iitwayo Remida ambayo hukusanya mabaki safi ya viwandani, karatasi, vitambaa, plastiki, na kuyagawa mashuleni. Ni jambo zuri. Lakini katika shamba la chai vitu vilivyotupwa ni pamoja na majerikeni ya dawa ya kuua magugu, mifuko ya mbolea na mipira ya mabomba ya kunyunyizia dawa. Hakuna hata kimoja cha hivyo kinachoruhusiwa kuvuka mlango wa chumba cha watoto, hata kikioshwa mara kumi. Niliwahi kukuta watoto wakichanganyia udongo ndani ya jerikeni la dawa lililokatwa katikati, na aliyewapa alidhani amewafanyia wema.

Vinavyofaa viko tele, wala havitaki fedha nyingi. Udongo wa kichuguu, uliopepetwa na kukandwa, hushika vizuri. Pale penye bonde lenye udongo wa mfinyanzi ni bora zaidi. Makaa baridi ya jikoni huchora. Udongo mwekundu, manjano ya pilau, majivu na majani yaliyopondwa hutoa rangi, na uji mzito wa muhogo huzishikamanisha. Mifuko ya karatasi ya kupakia chai iliyochanika kiwandani, ambayo haijagusa kemikali, ikifunguliwa hutoa karatasi pana kuliko ya daftari, na mtoto mdogo anahitaji upana kwa sababu huchora kwa bega zima. Magunzi, maganda ya mgomba, mbegu kubwa zisizoweza kumezwa, kamba. Na jambo moja linalosahauliwa daima: rafu na kitambaa chenye maji. Kitambaa hicho kikifunikwa juu ya udongo usiku, mtoto atakuta kazi yake bado laini kesho yake na kuiendeleza. Bila rafu kila kazi lazima iishe leo, na tukifanya hivyo tumerudi kwenye bata.

Matawi ambayo yamo katika mazungumzo ya mkataba wa pamoja mwaka huu, au yanajiandaa, nayasihi yasiridhike tena na neno “malezi”. Yaandike kwamba walezi wasiwe chini ya wawili katika chumba, na kwamba mtu mmoja asibebe watoto zaidi ya idadi mtakayokubaliana. Mimi napendekeza 15, nanyi mtajadiliana. Walezi wawe waajiriwa wa kudumu, siyo vibarua wa mwezi, wakiwa na haki zote za mkataba, na wapewe walau saa mbili kwa juma za kukaa pamoja bila watoto, kwa malipo, ili wazungumze juu ya waliyoyaona. Liandikwe eneo la nje lenye kivuli, maji na udongo, lililo mbali na stoo ya dawa. Liandikwe fungu dogo la vifaa kila mwezi, likiwa mikononi mwa walezi wenyewe, maana fungu linaloshikwa na ofisi hubaki ofisini. Na iandikwe wazi kwamba mwajiri hawezi kudai kazi za watoto kwa ajili ya maonyesho ya wageni, wala kutumia picha zao katika matangazo ya chai bila ruhusa ya wazazi.

Meneja atauliza sentensi hii ya mwisho ina maana gani. Mjumbe wetu na amjibu kwamba mtoto hayumo kwenye orodha ya malipo ya kampuni.

Kabla ya mazungumzo kila tawi liwaite walezi wake, hata wale ambao bado hawajaandikishwa, waeleze wenyewe siku yao inavyopita kuanzia kufungua mlango hadi kufunga. Mjumbe mmoja akae katika chumba asubuhi nzima, asipite tu mlangoni, na ahesabu mambo mawili: ni mara ngapi mtoto aliamua jambo mwenyewe, na ni mara ngapi mlezi alilazimika kumwacha mtoto mmoja katikati ili kumkimbilia mwingine. Hesabu hizo mbili ziletwe mezani pamoja na hesabu za mishahara. Walezi ambao hawajawa wanachama waandikishwe sikuhiyohiyo. Fomu ziko kwa makatibu wa matawi.